Meza, bufeti na kigoda: yafanyike nini kabla ya kutaja bei mnadani

Swali limetoka kwa mama mmoja mwalimu, mkaaji wa komini ya Kampemba hapa Lubumbashi. Kampuni fulani imeshindwa kulipa madeni yake, na vitu vya nyumba yake ya wageni vitauzwa kwa mnada wa mahakama. Katika orodha iliyobandikwa kuna meza ya kulia chakula na viti vyake sita, bufeti kubwa ya mbao nyekundu, saa ya ukutani, picha mbili za rangi, na kigoda cha kuchongwa kinachosemwa kuwa cha zamani sana. Mama huyu anapenda vitu vya kale lakini hajawahi kununua mnadani, na akiba yake inatosha kitu kimoja au viwili tu. Anauliza atatambuaje kitu cha kale cha kweli, apandishe bei hadi wapi, na kama si vibaya kununua mali ya watu walioanguka.

Mama, nianze na jambo ambalo wanunuzi wapya hulijua wakiwa wamekwisha kulipa. Katika mnada unaofanywa kwa amri ya mahakama, kitu huuzwa jinsi kilivyo. Ukigundua kesho yake kwamba mguu wa meza umeliwa na mchwa kwa ndani, au kwamba mgongo wa bufeti umeoza pale ulipogusana na ukuta wenye unyevu, hutapata wa kumrudishia. Kwa hiyo kazi ya mnunuzi hufanyika kabla, katika saa ambazo watu huruhusiwa kutazama vitu, na anayefika siku ya mnada tu amekuja kubahatisha. Muulize ofisa wa mahakama ambaye jina lake liko chini ya tangazo ni lini na wapi vitu vinatazamwa. Nenda asubuhi, ukiwa na tochi, futi ya kupimia, kitambaa cheupe na, kama unaye, seremala unayemwamini. Usione haya kupiga magoti, kwa sababu fenicha huchunguzwa kutoka chini na kutoka nyuma. Upande wa mbele ndio uliotengenezwa ili upendeze.

Utaratibu wenyewe ufahamu pia, maana utakusaidia kupanga. Tangu mwaka 2012 nchi yetu imo katika OHADA, muungano wa nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, na minada ya namna hii hufuata sheria zake. Mdaiwa hupewa kwanza amri ya kulipa ndani ya siku 8. Mali yake ikishakamatwa, huachiwa mwezi mmoja ajaribu kuiuza mwenyewe kwa hiari. Hayo yakishindikana, ndipo mnada hutangazwa. Siku ya mauzo, kitu hupewa aliyetaja bei ya juu kuliko wote baada ya bei hiyo kunadiwa mara tatu, na fedha hulipwa papo hapo. Asipolipa, kitu hunadiwa upya kwa hasara yake. Kuna kanuni nyingine ambayo wachache huifikiria: mauzo husimamishwa mara fedha zilizopatikana zinapotosha kulipa deni pamoja na gharama. Maana yake ni kwamba vitu vilivyo mwishoni mwa orodha huenda visiuzwe kabisa. Ikiwa magari ya kampuni yatanadiwa kwanza na kuleta fedha nyingi, bufeti unayoitamani inaweza kubaki kwa mwenyewe. Uliza mpangilio wa mauzo, na usiache kupigania kitu cha katikati ya orodha kwa kutegemea kitu cha mwisho.

Hofu yako kuhusu mali ya watu walioanguka naichukua kwa uzito, kwa maana wengi hapa kwetu wanayo na hawaisemi. Fikiri hivi: kila faranga utakayolipa inapunguza deni la yule aliyenyang'anywa, na mara nyingi miongoni mwa wanaomdai wamo wafanyakazi wake wasiolipwa mishahara. Kinachomwumiza mdaiwa ni bei ya kutupa, hasa pale wafanyabiashara kadhaa wanapokubaliana pembeni kwamba mmoja tu atataja bei, kisha wagawane vitu baadaye. Mnunuzi wa kawaida anayetaja bei ya haki mbele ya watu humtendea mdaiwa wema kuliko wote waliosimama pale. Lakini usiondoke bila karatasi. Dai hati yenye mhuri inayotaja kitu, bei, tarehe na jina lako, uihifadhi pamoja na hati nyingine za nyumba. Siku mtu akija kudai kwamba bufeti ile ni ya shangazi yake, hati hiyo ndiyo itakayomjibu.

Sasa tuje kwenye bufeti, ambayo kwangu ndiyo kiini cha swali lako. Omba ruhusa, vuta droo moja uitoe kabisa, uigeuze karibu na dirisha. Tazama pembe ambapo ubao wa mbele unaungana na wa ubavuni. Fundi aliyekata kwa mkono kiungo cha mkia wa njiwa, yaani meno ya ubao mmoja yanayoshikana na ya mwingine, huacha meno yasiyolingana sawasawa, na kando yake huacha mstari mwembamba aliouchora kwa chuma ili asizidishe msumeno. Mashine hukata meno yote kwa kipimo kimoja. Pembe zilizopigiliwa misumari tu, bila kiungo, ni za kazi ya haraka. Kisha pitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa mbao za ubavuni: droo iliyovutwa kwa miaka mingi huwa imelika hapo, zaidi upande wa nyuma, na kijiti kinachoibeba ndani ya bufeti huwa na mfereji unaolingana na ulikaji huo. Ukikuta droo imelika lakini kijiti ni kizima, au kinyume chake, basi kimojawapo kimetoka kwingine. Mwisho tazama rangi ya ndani, mahali ambapo vanishi haikuwahi kufika. Mbao za zamani hugeuka polepole rangi moja ya kahawia iliyofifia. Kipande cheupe katikati yake ni kiraka. Kiraka kilichofanywa kwa uaminifu si dhambi, ila kiingie katika hesabu ya bei.

Umri wa fenicha husemwa na vitu vidogo. Skrubu zenye msalaba kichwani zilianza kuenea katika miaka ya 1930, kwa hiyo ukizikuta katika kabati linalosemwa kuwa la 1910, ama limefumuliwa na kurekebishwa, ama umri wake umetungwa. Mbao za tripleksi, zile za tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa gundi, chini ya droo zinaelekeza kwenye miaka ya 1920 na kuendelea. Mbao za maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nazo katika nyumba zetu hufa mapema, kwa sababu zikilowa mara moja huvimba na hazirudi tena. Kuhusu uso wa meza ya duara kuna kipimo ninachokipenda sana: pima upana wake kwa kufuata nyuzi za mbao, kisha upime kwa kuzikata nyuzi hizo. Mbao hunywea kwa upana na si kwa urefu, hivyo duara la zamani lililotengenezwa kwa mbao nzima karibu kila mara limekuwa yai kidogo. Vipimo viwili vikilingana kabisa, uliza maswali zaidi.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu naona watu wa mji huu wanathamini vibaya. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1910, na kwa njia hiyo ziliingia fenicha za Ubelgiji, na baadaye za Afrika Kusini, zile nzito za mbao za imbuia zenye miguu inayoishia kama kucha za ndege zilizokamata mpira. Mwaka 1911 walifika Wasalesiani wa Don Bosco, watawa Wakatoliki, na shule yao ya ufundi ikaanza kuwafundisha vijana wa hapa useremala. Tangu hapo mji huu ulikuwa na fenicha za aina mbili: zile zilizoshushwa kutoka kwenye mabehewa na zile zilizotengenezwa hapa kwa miti ya Katanga, mara nyingi mulombwa. Mnadani watu hukimbilia za kwanza kwa sababu zina jina la mbali. Mimi, nikiambiwa nichague kwa ajili ya nyumba ya Lubumbashi, nachagua za pili.

Sababu yangu ni ya kifundi. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1.200 hivi, na wakati wa kiangazi hewa hukauka kwa miezi mfululizo. Kabati lililotengenezwa kwa ajili ya hewa yenye unyevu ya Ulaya hunywea hapa: mbao pana hupasuka, gundi ya zamani iliyochemshwa kwa ngozi na mifupa huachia, na karatasi nyembamba ya mbao ya thamani iliyobandikwa juu huinuka pembeni. Mulombwa una sifa ambayo maseremala wa kusini mwa Afrika wameijua tangu zamani: hunywea na kuvimba kidogo sana. Moyo wake mwekundu huvumilia mchwa na wadudu watoboa mbao. Udhaifu uko kwenye sehemu nyeupe iliyo karibu na gamba la mti, ambayo wadudu huipenda. Kwa hiyo katika bufeti yako tafuta mistari iliyofifia pembezoni mwa mbao, uitazame hiyo kwanza. Ongeza kwamba ubao mmoja mpana wa mti huo haupatikani tena kirahisi. Ndugu yake mukula ulikatwa ovyo katika Katanga katika miaka ya 2010 na kusafirishwa nje, hadi mwaka 2019 ukawekwa chini ya ulinzi wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mwaka 2022 ulinzi huo ukapanuliwa kufikia miti yote ya jamii hiyo barani Afrika. Inaniuma kuona kabati la mulombwa lililochongwa na kijana wa shule ya ufundi miaka sabini iliyopita likipasuliwa kuwa rafu za duka, huku kando yake watu wakigombea seti ya kioo na mbao za maranda.

Kuhusu wadudu, piga miguu na mgongo wa bufeti kwa kifundo cha kidole. Mti mzima hulia kwa sauti kavu na iliyojaa. Ulioliwa na mchwa hulia kama debe tupu. Matundu madogo ya wadudu watoboa mbao si lazima yakutishe: tundu la zamani lina ukingo mweusi uliolainika, ilhali tundu jipya lina ukingo mkali, na ukiligongea juu ya kitambaa chako cheupe litamwaga unga wa rangi hafifu. Unga ukidondoka, wadudu wako kazini. Ukiona badala ya matundu vijia vilivyo wazi vikitambaa juu ya uso wa ubao, ujue ubao huo ulipasuliwa baada ya kuliwa, yaani kitu hicho kimeundwa upya kutoka kwa mabaki ya kitu kingine.

Viti sita vitazame kimoja kimoja, usiamini kwamba ni ndugu kwa sababu tu vimepangwa pamoja. Vigeuze. Mafundi wengi walichonga namba au alama chini ya fremu, na mkono uliochonga alama hizo uwe mmoja. Shika kila kiti kwa mgongo ukisukume kwa mshazari, kwa kuwa ndivyo mtu anavyokaa anapomaliza kula. Kiti kinachocheza kidogo ni gundi iliyochoka, na seremala mzuri atakifungua na kukirudisha. Kiti ambacho ulimi wa mguu umevunjika ndani ya tundu lake ni kazi nyingine kabisa, hasa kama mtu amekwisha kukipigilia msumari akidhani anakiokoa. Viti vitano vizima na kimoja cha kuazima si seti ya sita.

Saa iache, isipokuwa unaipenda kwa sura yake. Kuitengeneza mara nyingi hugharimu kuliko kuinunua.

Picha mbili zitazame vizuri zaidi ya watu wengine, kwa sababu ya historia ya mji huu. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alianzisha hapa karakana ya wachoraji iliyoitwa Le Hangar, na humo walitokea Pilipili Mulongoya, Mwenze Kibwanga na Bela Sara, ambao kazi zao zilionyeshwa Paris mwaka 2015 katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo. Bela alichora kwa vidole vyake. Mwenze alijaza picha kwa vistari vifupi vinavyopishana. Pilipili alipenda samaki, ndege na nyoka katika majani mengi. Lakini mitindo yao imeigwa mno, na sahihi huigwa kirahisi kuliko picha yenyewe. Igeuze picha, tazama kama karatasi imezeeka sawasawa na kama vumbi liliingia polepole nyuma ya fremu. Ikiwa huwezi kupata mtu wa kuithibitisha kabla ya mnada, lipa bei ya picha unayoipenda, usilipe bei ya jina.

Kigoda ndicho kinachonipa wasiwasi. Vigoda vya Waluba vinavyobebwa na sanamu ya mwanamke vilikuwa viti vya mamlaka, na vile vya kweli ni miongoni mwa vitu vya Kongo vinavyotafutwa sana na makumbusho na wakusanyaji wa dunia. Kwa sababu hiyo vinachongwa vipya kila mwaka, vinafukiwa ardhini, vinafukizwa moshi na kupakwa dawa ya viatu. Chunguza ulikaji: kigoda kilichokaliwa kimelainika katikati ya kikalio na kwenye ukingo wa chini kilipoburutwa, si kwenye pua na matiti ya sanamu peke yake. Mulika ndani ya ufa wake. Ufa wa zamani ni mweusi hadi ndani, ufa wa kulazimishwa una rangi ya mti mbichi. Na kama kweli ni cha kale, lipo suala la sheria: tangu mwaka 1971 nchi ina sheria ya kulinda mali za utamaduni, na kitu kama hicho hakiruhusiwi kutoka nje bila kibali. Omba ushauri katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi kabla hujataja bei. Nasema hivyo hivyo kuhusu misalaba ya shaba, ile fedha ya zamani ya Katanga, ambayo mara kwa mara huletwa na wachuuzi penye mkusanyiko wa wapenda vitu vya kale. Misalaba iliyofukuliwa na wataalamu huko Sanga mwaka 1957 na 1958 ilikuwa imezikwa pamoja na wafu, na kila msalaba unaochimbwa kwa siri unaharibu kaburi na habari zake. Usiununue, hata ukiwa wa kweli. Ukiwa wa kweli ndipo hasa usiununue.

Bei ipange nyumbani, kwa kalamu. Muulize seremala angekutoza kiasi gani kutengeneza bufeti ya ukubwa ule kwa mbao nzima. Tuseme anasema dola 500. Toa gharama ya kurekebisha ulichokiona, tuseme 90. Toa kamio (lori) na wabebaji, tuseme 40. Toa gharama za mnada zinazoongezwa juu ya bei, ambazo uziulize mapema. Kinachobaki ndicho kikomo chako, na ukiandike. Mpenzi wa vitu vya kale anaweza kujiongezea kidogo kwa ajili ya mapenzi, lakini ajiongezee nyumbani, asijiongezee mbele ya mnadi. Ukifika mnadani, simama pembeni mahali unapowaona watu wengine wanaotaja bei. Ukimwona mtu anayepandisha kila kitu na hachukui chochote, huenda yupo kwa ajili ya kuchochea. Usianze mapema. Waache wenye pupa wachoke, kisha taja bei yako kwa sauti inayosikika. Na fedha zako uzikague usiku uliotangulia, kwa maana unajua jinsi dola yenye mpasuko mdogo kama ukucha inavyokataliwa katika mji huu, na kule hutapewa muda wa kwenda kubadilisha.

Ukishinda, ondoa vitu siku ile ile kama inaruhusiwa, toa droo na milango uisafirishe mbali mbali, na bufeti ibebwe kwa kushika fremu ya chini, kamwe isiinuliwe kwa uso wake wa juu. Usiiingize mara moja karibu na fenicha nyingine. Iweke peke yake majuma machache juu ya sakafu iliyofagiwa, utazame kama unga unadondoka. Na nakusihi, usiikabidhi kwa mtu wa kuikwangua na kuipaka vanishi mpya inayong'aa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwa pamba yenye tone la alkoholi: rangi ikilainika na kunata, hiyo ni shelaki, aina ya vanishi ya zamani, ambayo fundi anaweza kuihuisha bila kuiondoa. Ngozi hiyo ya miaka mingi ikikwanguliwa hairudi, na nusu ya thamani ya kitu huondoka nayo.

Kwa akiba uliyonieleza, Mama, mimi ningeiwekea bufeti fedha zote, mradi droo zake zipite majaribio niliyoyasema na mgongo wake uwe mzima. Meza na viti vingekuwa chaguo la pili, na hapo tu ikiwa viti vyote sita ni vya mkono mmoja. Kigoda na picha nenda ukavitazame kwa ajili ya kujifunza, uvishike, uvigeuze, uwasikilize wanaovibishania, halafu uviache vipite.